Tabora Iliyobebwa Mabegani: Kipi Kweli, Kipi Si Kweli

Reli itokayo Tabora kwenda Mwanza hupita Bukene kabla ya kufika Isaka, na kituo chetu kimekuwa kijiwe cha historia tangu nikiwa mtoto. Anayesubiri treni atakula muhogo, ataulizia habari za mvua na mpunga, kisha mazungumzo yatahamia Tabora, maana kwetu sisi kila safari ya mbali huanzia au kuishia kule. Nani aliujenga mji ule? Nani aliuchoma moto? Nani alizikwa, nani alinyongwa? Kila mtu ana jibu lake. Mengi ya majibu hayo niliyapokea kama yalivyo, nikayasimulia kwa wengine, hadi nilipoanza kuyapima kwa maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 na kwa kazi za wanahistoria waliowafuatia.

Hapa nimeyaweka yale yanayorudiwa sana. Machache ni kweli tupu, mengine ni nusu, na mengine ni maneno yanayowanyang'anya babu zetu kazi ya mikono yao, na zaidi ya miguu yao.

“Tabora ilijengwa na Waarabu.”

Uvumi huu una chanzo. Wasafiri Richard Burton na John Speke walipofika tarehe 7 Novemba 1857, hawakuandika “Tabora”. Waliandika Kazeh, makazi ya wafanyabiashara ndani ya nchi ya Unyanyembe. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman. Burton anaeleza kwamba Snay na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi kutoka Surat, walihamia pale mnamo 1852, wakachimba visima na kujenga nyumba. Ukiishia kwenye ukurasa huo utaamini kwamba kabla yao palikuwa pori.

Lakini nchi ilikuwa na mwenyewe. Unyanyembe ilikuwa ya mtemi Fundikira, na wageni walikaa kwa idhini yake, mwendo mfupi tu kutoka alikoishi. Tena njia waliyoifuata kuja kwake hawakuifyeka wao. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa tayari wakipeleka pembe za ndovu pwani wenyewe. Huko ndiko walikopata jina hili la Wanyamwezi, watu wa upande ambako mwezi mwandamo huonekana, yaani magharibi. (Wapo wanaosema tuliitwa hivyo kwa kuabudu mwezi. Huo ni uzushi.) Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuja baadaye, ikikanyaga nyayo ambazo zilikwisha kukauka njiani.

Na kuna jambo moja katika kitabu cha Burton ambalo kila nikilisoma husimama kidogo. Anaandika kwamba Fundikira alipopata habari za kifo cha baba yake, alikuwa safarini kuelekea pwani, akiwa mpagazi ndani ya msafara. Akatua mzigo, akageuka, akarudi nyumbani kutawala. Ufalme gani wa Ulaya una habari kama hiyo? Mrithi wa kiti yumo kwenye mstari wa wapagazi, bega lake lina mzigo kama la mwenzake, na haoni hilo kuwa aibu. Katika Unyamwezi ya wakati ule kwenda pwani kulikuwa jando la pili, na kijana ambaye hakuwahi kuiona bahari alichekwa na wasichana.

“Ikulu ni neno la serikali.”

Ni la serikali leo, lakini kwao ni huku. Katika Kinyamwezi na Kisukuma, ikulu ni makao ya mtemi. Kusini mwa mji wa Tabora pana mahali paitwapo Kwikuru, yaani “kwenye ikulu”, na hapo ndipo walipokaa watawala wa Unyanyembe. Kwa hiyo kila mtangazaji anaposema Ikulu ya Dodoma au Ikulu ya Dar es Salaam, anatamka neno lililozoeleka kwenye midomo ya wakulima wa Nzega na Sikonge kabla Dar es Salaam haijawa mji.

Hapo hapo lipo kosa jingine, la kudhani kwamba Unyamwezi nzima ilikuwa na mji mkuu mmoja kama Uingereza na London yake. Unyamwezi ilikuwa na himaya nyingi, kila moja na mtemi wake. Wala ikulu haikuwa jiwe lisilohama. Mirambo alikaa kwanza Iselamagazi, kisha akahamia Ikonongo. Ukitafuta magofu ya mawe kama ya Kilwa utarudi mikono mitupu, kwa sababu ikulu zetu zilikuwa za miti, udongo na boma la minyaa. Mji mkuu ulikuwa pale mtemi alipo.

“Wapagazi walikuwa watumwa.”

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na si kweli.

Picha tuliyoizoea ni ya safu ya watu waliofungwa minyororo shingoni, kila mmoja na pembe begani. Safu za minyororo zilikuwapo, nami nitazifikia. Lakini watu waliobeba sehemu kubwa ya mizigo kati ya Unyanyembe na Bagamoyo walikuwa Wanyamwezi huru, waliokwenda kwa mshahara. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima juu yao, kilichochapishwa mwaka 2006, na anawaonyesha kama wafanyakazi wenye ujuzi, sheria zao, na ukali wa kudai haki.

Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60 hadi 70, karibu kilo 30, na mpagazi hakukubali zaidi bila nyongeza. Mshahara ulipatanwa kabla ya kuondoka. Posho ilitolewa kwa vitambaa au shanga, ambavyo mpagazi alivibadilisha na chakula vijijini. Posho ikipunguzwa, watu waligoma. Ukaidi ukizidi, waliweka mizigo chini na kutoweka usiku, wakamwacha tajiri katikati ya pori na marobota yake. Maandishi ya wasafiri wa Ulaya yamejaa malalamiko juu ya “uvivu” na “usaliti” wa wapagazi. Soma malalamiko hayo ukiwa umekaa upande wa mbeba mzigo. Utaona kwamba mengi ni habari za mgomo, zilizoandikwa na mwajiri.

Mbele ya msafara alitembea kirangozi na bendera, na hakuna aliyethubutu kumtangulia. Alijua maji yako wapi, mtemi gani anadai hongo kiasi gani, na wapi pa kupiga kambi. Hongo wakati huo haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru halali wa kupita katika nchi ya mtu, na Wagogo waliijua thamani yake kwa sababu wao ndio waliokuwa na visima katika nchi kavu. Wakubwa wa vikundi vya wapagazi waliitwa wanyampara. Neno hilo limebaki katika Kiswahili kama nyapara, likiwa limepoteza heshima yake njiani: mnyampara wa msafara alikuwa mtu wa kuheshimiwa, nyapara wa shamba la mkonge alikuwa mtu wa kuogopwa.

Wanawake nao walisafiri. Walibeba vyombo na chakula, walipika, walipika pombe kambini na kuuza. Watoto wakubwa walibeba mizigo midogo. Msafara ulikuwa kijiji kinachotembea, miezi miwili hadi mitatu, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ambao hata leo mtani huja msibani Dar es Salaam na kuzuia jeneza hadi apewe chochote, ulilelewa kwenye njia hiyo. Mtu aliyeugua au kufa mbali na kwao alihitaji mtu wa kumsitiri.

“Tabora lilikuwa soko la watumwa.”

Nusu kweli, na nusu hiyo ni nzito. Biashara iliyouweka mji hai ilikuwa pembe za ndovu. Pembe hizo zilivuka bahari na kuishia kwenye vinanda na mipira ya biliadi ya miji kama London na New York. Kutoka huko vilirudi vitambaa, hasa merikani iliyofumwa Marekani, pamoja na shanga, waya za shaba, bunduki na baruti.

Lakini watumwa walipita Unyanyembe, wengi wakitolewa Manyema na nchi za magharibi ya Ziwa Tanganyika. Tena si wote waliopita. Wengi walibaki, wakalima mashamba ya wafanyabiashara wa Kazeh na ya watemi na matajiri wa Kinyamwezi. Hapa lazima tuseme wazi jambo ambalo kijiweni huwa tunalipita haraka: wakati kijana huru wa Kinyamwezi anatembea kwenda pwani kutafuta mshahara, kwao jembe lilishikwa wakati mwingine na mtumwa aliyenunuliwa kwa mshahara wa safari iliyotangulia. Uhuru wa mmoja uliegemea utumwa wa mwingine. Kumsukumia Mwarabu peke yake mzigo huu ni kuikata historia kipande kinachotupendeza.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Sultani Barghash akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Hata hivyo Wajerumani hawakuufuta utumwa katika koloni lao. Ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Ndiyo kusema wapo wazee waliotulea ambao walilelewa na watu waliozaliwa watumwa.

“Miembe yote ya Tabora ilitokana na kokwa zilizotupwa na watumwa.”

Miembe ilikuja na misafara kutoka pwani, hilo ni kweli, na mingine bila shaka iliota palipotupwa kokwa. Ila mwembe unaosimama kwa safu umepandwa na mtu aliyekusudia kivuli.

“Mirambo alikuwa mfalme wa Tabora.”

Hakuwa. Mirambo alikuwa mtemi wa Uyowa, akajenga dola lake magharibi ya Tabora, na jina lake limebaki Urambo. Tabora ilikuwa adui yake kwa miaka mingi, kwa sababu yeye alitaka kushika njia ya Ujiji na wafanyabiashara wa Unyanyembe walitaka ipite bila kumlipa. Agosti 1871 walimwendea na jeshi kubwa, msafiri Henry Morton Stanley akiwa ndani yake. Mirambo akawaacha wateke boma moja, wajae nyara, kisha akawavizia wakirudi. Siku chache baadaye alishuka Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Mfanyabiashara mkubwa Khamis bin Abdulla aliuawa katika mapigano hayo. Miaka mitano baadaye Stanley yule yule alichanjiana damu na Mirambo wakawa ndugu. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884, na dola lake halikudumu bila yeye.

Ugomvi wa Tabora yenyewe ulikuwa mwingine. Baada ya Fundikira alitawala Mnywa Sele, ambaye aliwatoza wafanyabiashara ushuru. Wakamfukuza na kumweka Mkasiwa. Speke alipopita tena mwaka 1861 aliikuta vita hiyo ikiendelea. Tangu hapo swali la nani mwenye nchi, mtemi au tajiri, halikutulia.

“Stanley alimkuta Livingstone Tabora.”

Si kweli, alimkuta Ujiji mwishoni mwa 1871. Waliishi pamoja Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuanzia Februari 1872 hadi Stanley alipoondoka tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki kwenye tembe lile hadi 25 Agosti, akingoja wapagazi ambao Stanley alimwahidi kumtumia kutoka pwani. Tembe hilo sasa ni makumbusho.

Watu wakishasahihisha hilo huishia hapo. Mimi naona habari kubwa zaidi ni ya safari ya pili ya Livingstone kupita Unyanyembe, akiwa maiti. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauanza mwendo wa kwenda baharini. Walipofika Unyanyembe, Oktoba 1873, walimkuta Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron akashauri azikwe pale pale. Wakakataa. Mbele ya safari, wenyeji walipozuia maiti isipite katika nchi yao, waliifunga kama robota la vitambaa na kuipitisha kwa siri hiyo. Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Jiji hilo lilipata kaburi lake kwa sababu watu waliokuwa na mzigo mabegani waliamua Tabora kwamba hawautui.

“Wajerumani waliingia bila kupingwa.”

Emin Pasha alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora mwaka 1890, na wafanyabiashara wengi walikubali. Mtemi Isike wa Unyanyembe hakukubali. Alikuwa na ngome imara, na Wajerumani walipoishambulia mwaka 1892 walishindwa. Januari 1893 akaja Tom von Prince na kikosi kingine. Ngome ilipovunjwa, Isike hakujisalimisha. Aliingia kwenye ghala la baruti akalilipua, yeye akiwa ndani. Wajerumani wenyewe waliandika kwamba walimtoa akiwa bado na pumzi wakamnyonga. Kijiweni huwa tunamtaja Mkwawa kwa kirefu, naye anastahili, ila Isike alimtangulia kwa miaka mitano katika uamuzi wa kufa bila kujisalimisha, nasi tunapita karibu na mahali pale tukienda hospitali au sokoni.

“Tabora imewahi kuwa makao makuu ya nchi.”

Wengi hulicheka. Ni kweli. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, serikali ya Kijerumani iliondoka Dar es Salaam, ambako manowari za Waingereza ziliweza kuipiga kwa mizinga, ikahamia bara, na Tabora ikawa makao yake. Meli zisipofika, fedha nazo hazifiki. Kwa hiyo karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Zilitengenezwa sarafu za heller kwa shaba nyeupe na nyekundu iliyopatikana, na mwaka 1916 zikatengenezwa sarafu za dhahabu za rupia 15, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Singida. Sarafu hiyo ina tembo na mlima nyuma yake. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huigombania kwenye minada, na ukiwauliza Tabora iko wapi wengi watakujibu kwa kuonyesha sarafu.

Kijiweni pia husemwa kwamba Waingereza ndio waliowatoa Wajerumani Tabora. Hapana. Mji uliingia mikononi mwa jeshi la Kibelgiji tarehe 19 Septemba 1916, chini ya Jenerali Charles Tombeur. Askari wake walikuwa Wakongo, na nyuma yao maelfu ya wapagazi waliolazimishwa, safari hii bila mapatano ya mshahara wala nafasi ya kugoma. Ubelgiji iliufurahia sana ushindi huo. Tombeur alikuja kupewa cheo cha heshima chenye jina la Tabora ndani yake. Na katikati ya Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, karibu na jengo la zamani la soko la hisa, pana mtaa mdogo uitwao Rue de Tabora. Watu hupita hapo kila siku kwenda kunywa bia. Jina la mji wa Fundikira liko ukutani juu ya vichwa vyao.

“Reli yetu ni ya Mjerumani.”

Ile ya kati, ndiyo: ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Lakini reli inayopita Bukene ni ya wakati wa Waingereza, na ilikamilika hadi Mwanza mwaka 1928. Watakaobisha wabishe.

“Nyerere alikuwa mwanafunzi tu Tabora.”

Alikuwa zaidi ya hapo. Alisoma Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, katika shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa machifu. Baada ya Makerere alirudi akafundisha St. Mary's kuanzia 1946 hadi 1949, akajiunga na shughuli za TAA, chama kilichotangulia TANU. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulikutana Tabora ukiwa umegawanyika vibaya juu ya kura tatu, utaratibu uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Nyerere akawashawishi wajumbe washiriki. Wapo waliochukia, na Zuberi Mtemvu akatoka akaunda chama cha ANC. Waliobaki wakashinda uchaguzi.

“Sisi wa huku vijijini hatumo katika hayo yote.”

Hili huwa linasemwa kwa unyenyekevu, na mara nyingi na mtu mzima ambaye babu yake alikuwa na kovu begani. Mji ule haukuweza kujilisha wenyewe. Mtama, mpunga, ng'ombe na asali vilitoka vijijini. Majembe ya chuma ya wahunzi wa kaskazini yalipita upande huu kwenda kuuzwa Tabora. Julai 1858, Speke alipoondoka Kazeh kwenda kulitafuta ziwa ambalo Snay bin Amir alikwisha kumweleza liko wapi, alielekea kaskazini, akikatisha ardhi ambayo sasa ni ya Nzega na Shinyanga. Alikula vyakula vya huku na kunywa maji ya huku. Tarehe 3 Agosti aliliona Nyanza, akalipa jina la malkia wake.

Robota la vitambaa ambalo mpagazi alilitoa Bagamoyo liliitwa mtumba. Lilikazwa sana, likafungwa kwa kamba ili lisilowe wala kulegea njiani. Siku ya mnada hapa Bukene, nguo hufika kwa gari, muuzaji hulishusha robota kwenye turubai, akakata kamba kwa kisu, na akina mama husogea wakiulizana mtumba wa leo umetoka wapi.